Kompyuta Inayojiwasha Alfajiri

Karibuni, ndugu zangu. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: mashine ikishazimwa, nani ataiwasha alfajiri? Si programu, maana programu zote zimezimika pamoja nayo. Anayebaki macho ni saa ndogo iliyoko kwenye ubao mama, yaani bodi kuu ya kompyuta. Ukifungua kasha la kompyuta ya mezani utaiona betri yake, bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032, volti 3. Ndani ya saa hiyo kuna fuwele inayotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kampuni ya IBM waliiweka saa ya namna hii kwenye kompyuta yao ya PC AT mwaka 1984.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi wanapokwama. Betri hiyo inatunza saa tu, haina nguvu ya kuamsha mashine. Nguvu hiyo ni volti 5 ambazo pawa saplai huendelea kuzitoa hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukizima swichi ya ukutani usiku, kama tulivyozoea majumbani, kengele ya saa hiyo, ile inayotegwa kuiamsha mashine, italia bure.

Kuitega kengele hiyo si kazi. Washa mashine, bonyeza Delete au F2 papo hapo, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama wenyewe, utafute mstari wenye herufi RTC, ndiyo saa yetu ile. Saa kumi na mbili asubuhi andika 06:00. Lakini kama unatumia mfumo endeshi wa Linux badala ya Windows, angalia kwanza: kwa kawaida huitunza saa ya ubao kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Hapo andika 03:00. Kompyuta mpakato nyingi hazina kipengele hiki.

Kuzima ni kazi ya mfumo endeshi wenyewe. Kwenye Windows, fungua Task Scheduler, programu ya kupangia kazi muda wake, uipe amri shutdown /s /t 600. Hizo ni sekunde, yaani dakika kumi. Nawasihi msiweke 10 wala 30! Muda huo ukiisha, programu zote hufungwa kwa nguvu, na mtoto aliyekuwa akiandika insha bila kuihifadhi ataipoteza yote. Mfundisheni mtoto huyo amri moja, shutdown /a, inayosimamisha kuzima.

Mkifika nyumbani, tegeni kengele dakika tano mbele, mzime mashine, msubiri. Isipowaka, anzieni kwenye swichi ya ukutani.