Kidole Hakiwahi

Karibuni, kaeni. Walionisikia zamani wanajua naanzia wapi, na mwenye kuguna agune sasa tumalizane. Naanzia kwenye ile namba ya umbali uliobaki kabla kisu hakijafika kinakotumwa, pale kwenye skrini. Karibu kila mashine ya CNC, ile inayokata chuma kwa kufuata programu, inayo. Ipo wazi, inabadilika mbele ya macho yenu, na bado namkuta opereta kafungua ukurasa mwingine, anatazama mistari ya programu ikipita kama mtu anayesubiri matokeo ya mpira.

Kuna karakana, jina tuliache, zamu ya usiku kisu kilivunjika katikati ya kazi. Opereta, kijana hodari tu, akakosa holda fupi, yaani kishikio cha kisu, akachukua ndefu, akafunga kisu kipya, akakirudisha mashineni. Urefu uliosajiliwa ukabaki ule wa zamani, milimita 118. Urefu wa kweli sasa ni 153. Programu inasema: shuka kwa mwendo wa kasi, simama milimita 5 juu ya kipande. Akabonyeza.

Fanyeni hesabu. Kwa mashine, ncha inasimama hewani. Kwa kweli inapelekwa milimita 30 ndani ya chuma, kwa mwendo ambao haukukusudiwa kukata chochote. Kisu kikasagika, kipande kikang'oka kwenye jiliwa. Hayo tuyaache, ni ya kununua. Kilichouma ni spindeli, ule mhimili unaozungusha kisu. Asubuhi ilizunguka vizuri, watu wakashukuru Mungu. Baadaye ikaanza kuunguruma ikipata moto, na matundu yakawa yanatoka mapana kuliko biti. Gololi za beringi zikipokea pigo moja zito huacha alama kwenye njia zinamopita, na alama hiyo haiponi, inakua. Spindeli ikang'olewa, mashine ikakaa.

Sasa kilichotakiwa ni nini? Punguza mwendo wa kasi hadi asilimia 5. Weka programu iende mstari mmoja mmoja. Ukifika ule mstari wa G43, amri inayosoma urefu wa kisu na kukileta chini, anza, kisha kikiwa bado juu simamisha. Soma umbali uliobaki. Skrini inasema 100? Basi kwa kuwa programu inaishia 5 juu ya kipande, kati ya ncha na chuma lazima pawe na 105. Weka rula ya chuma. Yule kijana angekuta 70. Huhitaji digrii kuona kwamba 70 si 105. Nusu dakika kwa kila kisu, kwenye kipande cha kwanza, na kila unapobadilisha kisu hata kama umebadilisha kimoja tu. Hasa kimoja tu! Ukibadilisha vyote unakuwa makini. Kimoja ndicho kinachokuponza.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema, "Mimi mkono wangu uko kwenye kitufe muda wote." Haya. Mashine inayokwenda mita 30 kwa dakika inakwenda milimita 500 kwa sekunde. Macho yaone, kichwa kiamue, kidole kibonyeze: tuseme robo sekunde, na hapo nimekusifia. Milimita 125 zimeshapita, na mashine ndiyo kwanza inaanza kupunguza mwendo. Mkono wako hapo ni pambo. Kwa asilimia 5 ni milimita 6 na kidogo, hapo ndipo kidole kina kazi.

Mwingine atasema ameiona programu ikienda vizuri kwenye kompyuta. Vizuri sana, iendelee hivyo. Ila kompyuta inaijua jiliwa uliyoichora, haiijui uliyoifunga. Klempu uliyoigeuza dakika ya mwisho kwa sababu nati ilikuwa inagoma, nani aliiambia?

Jamani, naona saa inanikodolea macho na nusu ya karatasi yangu bado. Nayapitia mbio.

Namba ya urefu, H, ifanane na namba ya kisu, T: T5 na H5. Mwenye sababu ya kuandika T5 na H4 aje anieleze baadaye, nitamsikiliza kwa shida. Nukta ya desimali: kuna mashine ukiandika X50 bila nukta zinasoma sehemu 50 kati ya elfu za milimita moja, yaani milimita 0.05. Inchi na milimita: hapo unakosea mara 25.4. G28 Z0, amri ya kurudisha kisu nyumbani, wakati G90 inafanya kazi, yaani vipimo vinahesabiwa kutoka sifuri ya kipande: kwenye mashine nyingi kisu hupitia kwanza sifuri hiyo, nayo mara nyingi ndiyo uso wa chuma chenyewe. Andika G91 kwanza, ihesabu kutoka pale kisu kilipo, na ukimaliza rudisha G90.

Kuanzia programu katikati hilo lilistahili mhadhara wake, leo halipati. Ila usiukamate mstari wowote uliopo ukaanza. Rudi pale kisu kinapoitwa, ili mzunguko, sifuri ya kipande na urefu visomwe upya.

Na watu wa kukereza, msione nimewasahau. Kwenu ni taya za kishikio. Kabla ya kugeuza kichwa cha visu, kirudishe mbali kabisa, kwa sababu kinachogonga si kile kisu unachokitazama, ni ile biti ndefu ya kutobolea iliyo kituo cha pili.

Haya, maswali. Wewe mwenye rula mfukoni, anza.