Leza kwenye meno: swali la kumuuliza daktari wako

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika. Siku hizi mgonjwa hata hajakaa kitini ananiuliza, "Daktari, mna leza?", yaani kile kifaa cha mwanga mkali wenye nguvu. Nami humuuliza: leza ipi, na ya kufanyia nini? Wengine hudhani nakwepa, kumbe jibu lote limo humo.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwezi Mei 1960, kwa fuwele ya rubi, lile jiwe jekundu la thamani. Mwaka 1965 Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alikwisha kuimulika kwenye jino la mtu aliye hai, ndugu yake Bernard, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Bernard hakusikia maumivu. Tatizo la rubi lilikuwa joto. Mwaka huohuo watafiti Zach na Cohen walionyesha kwa majaribio ya nyani kwamba kiini cha jino, ile nyama laini ya ndani yenye mishipa, kikipanda joto kwa nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, takriban asilimia 15 ya viini havipati nafuu tena. Jino lisilouma leo laweza kuwa limeuawa kimyakimya.

Maji ndiyo yaliyotuokoa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti Hibst na Keller wa Ujerumani walijaribu leza ya erbiamu, aina ya metali, yenye mawimbi ya nanomita 2940 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), mwanga ambao maji huunyonya kwa nguvu sana. Na jino lina maji: enameli, gamba gumu la nje, inayo kidogo; dentini, tabaka lililo chini yake, inayo zaidi; na sehemu iliyooza inayo mengi kuliko zote. Mwanga ukipiga, maji yale hugeuka mvuke ghafla na kupasua chembe za jino, kama punje ya mahindi inavyopasuka ikawa bisi. Kwa hiyo sehemu iliyooza hutoka haraka kuliko sehemu isiyooza, huku maji ya kupoza yakirushwa muda wote. Mgonjwa husikia pa-pa-pa, bila ule mtetemo wa mashine ya kuchimba unaoingia hadi kichwani. Wengi humaliza bila sindano ya ganzi. Si wote, na anayekuahidi hivyo kabla hajaliona jino lako ameharakisha. Marekani iliiruhusu kwa kazi hii mwaka 1997. Hata hivyo haiondoi kijazo cha zamani cha zebaki, na jino la kuvishwa kofia bado tunalichonga kwa mashine.

Sasa, leza iliyo rahisi kununua, na ambayo kliniki nyingi huanza nayo, ni ya dayodi, kipande kidogo cha umeme kinachotoa mwanga, ya nanomita kama 810 hadi 980. Hii haihangaiki na maji. Hufuata rangi, yaani damu na weusi wa ngozi. Hukata fizi vizuri, damu kidogo, na huweza kumfungulia mtoto ngozi iliyofunga ulimi. Kuchimba jino haiwezi. Ukiambiwa dayodi itakutibu jino lililotoboka bila mashine, uliza tena.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana linatuhusu. Wengi wetu tuna fizi nyeusi au zenye madoa meusi. Ni fizi nzima kabisa, hazina ugonjwa. Ila weusi ule hunyonya mwanga wa dayodi, na fizi huchemka upesi. Daktari lazima apunguze nguvu, asiiache ncha ikae mahali pamoja, apumzishe. Akitumia kipimo cha fizi nyekundu, anaweza kuunguza hadi mfupa ulio chini. Nasikitika pia kuona watu wakishawishiwa kulipia leza ya kung'arisha fizi kana kwamba weusi ni uchafu. Anayetaka kwa hiari yake, sawa, lakini ajue rangi hiyo mara nyingi hurudi.

La mwisho ni macho. Kila leza ina miwani yake kulingana na mawimbi yake. Miwani ya jua haikingi kitu. Avae daktari, msaidizi, mgonjwa, na mama aliyempakata mtoto. Kama hujapewa, mwambie daktari asiwashe kwanza.