Kamba za Nguo Juu ya Ghorofa

MGOSI: Karibuni tena. Leo ni kilimo cha juu ya majengo, kama tulivyoahidi. Nimeandaa masomo manne kwa anayetaka kuanzisha biashara ya kijamii ya namna hiyo, yaani biashara ambayo lengo lake ni kusaidia jamii, si faida tu, na mfano wetu ni Rooftop Republic ya Hong Kong, walioanza mwaka 2015. Lakini dada Zuhura ameingia studio amenuna.

ZUHURA: Nimetoka kwenye kikao, Mgosi. Wapangaji wa jengo letu zima, jana usiku, juu kabisa kwenye slabu, watu wamesimama wima. Yule jirani wa ghorofa ya nne amejaza ndoo za rangi upande wote wa mashariki. Mchicha, matembele, mnafu. Na umeshika vizuri, sitamnyima sifa yake. Ametoboa ndoo chini kwa msumari wa moto, ameweka makumbi ya nazi na samadi. Sasa ule upande ndio wenye kamba.

MGOSI: Kamba za nguo.

ZUHURA: Za nguo. Jua la asubuhi liko pale. Kuna mama anafua mashuka ya nyumba ya wageni, ndiyo kazi inayomlea. Kamba zake zimehamishiwa nyuma ya matanki, kwenye kivuli. Shuka lililokuwa linakauka kabla ya adhuhuri sasa linangoja mpaka jioni, na mteja anataka mashuka yake saa nane.

MGOSI: Na mkulima anasemaje?

ZUHURA: Anasema alikuta nafasi tupu. Hapo ndipo damu ilinichemka. Nafasi tupu ipi? Pale kuna matanki, madishi, kamba, mtu kaanika mpunga wake, watoto wanapanda jioni na misahafu kwa sababu ndani kuna joto. Wanaotuhubiria kilimo cha mjini wanaonesha picha zilizopigwa kutoka angani. Angani huoni kamba.

MGOSI: Hong Kong waliliona hilo. Moja ya bustani zao iko juu ya Bank of America Tower, pale Central, kwenye uwanja wa helikopta ambao haukuwa unatumika tena. Mboga zinakwenda kwa benki ya chakula, Feeding Hong Kong. Hakuna aliyeondolewa.

ZUHURA: Na nani anaweka hela?

MGOSI: Makampuni. Wanalipa kujengewa bustani, kutunziwa, kufundishiwa wafanyakazi. Biashara haisimami kwa kuuza majani. Hata Brooklyn Grange ya New York, walioanza 2010 juu ya jengo la mwaka 1919 kule Queens, shamba la karibu ekari moja, wanauza mboga lakini pia wanajengea watu wengine bustani na kukodisha mahali pa harusi. Mimi ni mtoto wa Lushoto, Zuhura. Kabichi na karoti zetu zinashuka Dar kwa malori. Mtu wa juu ya ghorofa hawezi kushindana na yale malori kwa bei, na asidanganywe kwamba anaweza.

ZUHURA: Kwenye karoti nakubali. Kwenye mchicha hapana. Mchicha unavunwa ndani ya mwezi, na ukikatwa asubuhi, mchana umeshalala. Halafu watu wa mji huu wanajua mchicha wa bonde la Msimbazi unamwagiliwa maji gani. Mtu akikuhakikishia maji safi, utaongeza hela kidogo.

MGOSI: Maji safi ya wapi? Oktoba 2022, mto Ruvu uliposhuka, tuliishi kwa mgao wa maji. Utamwagia mchicha maji ya kunywa?

ZUHURA: Maji ya mvua, Mgosi. Na ya kusuuzia nguo. Yule mama anamwaga ndoo kwa ndoo pale pale juu.

MGOSI: Yenye sabuni?

ZUHURA: Suuzo la mwisho. Unaona sasa kwa nini nang'ang'ania kamba? Mwenye maji ni yeye, mwenye jua ni yeye.

MGOSI: Kamba zipandishwe basi. Nguzo za mita mbili, nguo juu, ndoo chini.

ZUHURA: Mashuka yatafunika jua, mboga zirefuke bila majani. Na shuka jeupe linaloning'inia juu ya samadi, kipupwe kikivuma, rangi yake utaniambia.

MGOSI: Basi zamu. Asubuhi nguo, mchana ndoo zisogezwe.

ZUHURA: Nani asogeze? Umewahi kubeba ndoo ya lita 20 yenye udongo uliolowa?

MGOSI: Inafika kilo 30. Na hilo ndilo nililotaka kuuliza tangu mwanzo: mlimwita mhandisi?

ZUHURA: Hakuna aliyetaja uzito kikao kizima.

MGOSI: Dada! Kitanda cha udongo wa sentimita 20, kikilowa, kinazidi kilo 300 kwa mita moja ya mraba. Slabu ya watu kutembea tu mara nyingi hupigiwa hesabu ya kilo 150 mpaka 200. Na tanki la lita 1,000 ni tani nzima, liko pale pale. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo. Bustani haikuhusika, lakini mji huu unajua kilichotokea. Makumbi yana nafuu, ni mepesi kuliko udongo, ila nayo yananyonya maji. Jirani yako azisogeze zile ndoo juu ya mihimili, na leo.

ZUHURA: Nitamwambia nikitoka hapa. Hilo halina mjadala.

MGOSI: Halafu aende kwa mwenye jengo, aandikiwe mkataba. Biashara inaanza na karatasi moja yenye sahihi ya mwenye mali.

ZUHURA: Hapo tunaachana. Mwenye jengo anaishi mbali, hajapanda ule juu miaka. Atasaini, atachukua kodi, na yule mama ataondolewa kihalali. Biashara ikijiita ya kijamii, inakaa kwanza na wanaotumia lile paa. Yule mama apewe fungu lake.

MGOSI: Fungu la nini? Hana hati. Ukianza kumgawia kila aliyewahi kuanika shuka, hakuna mwenye mtaji atakayekugusa.

ZUHURA: Basi huo mtaji unatafuta bustani za kupigia picha wageni wa benki.

MGOSI: Unawaonea. Hela ya makampuni ndiyo inayolipa mboga za wenye njaa kule.

ZUHURA: Kule juu hapakuwa na mtu. Hapa tunaishi juu.

MGOSI: Bado mkataba unasainiwa na mwenye jengo.

ZUHURA: Na bado sikubali.

MGOSI: Tunaoneshwa dakika mbili. Masomo yangu manne...

ZUHURA: Hatujafika hata la kwanza.

MGOSI: La kwanza lilikuwa mtaji. La pili, mboji kutoka mabaki ya jikoni. Haya, yaacheni. Wasikilizaji, kama mna ndoo juu ya nyumba, tafuteni mhandisi kabla ya masika. Zuhura?

ZUHURA: Kikao kingine ni Jumapili. Nitampeleka mama wa mashuka, aongee mwenyewe.

MGOSI: Na mwenye jengo aitwe.

ZUHURA: Aitwe. Apande ngazi kama sisi.