Gunia la nani? Mhadhara kuhusu kuhesabu pumzi zinazokatika usingizini

Mugonile!

Ndaga, ndaga. Wasio Wanyakyusa mnisamehe, lakini salamu inayoanza kwa kumuuliza mtu kama amelala nitaiachaje na mada kama hii? Wazee wa Rungwe walikuwa wanachukua historia ya mgonjwa kabla yetu.

Wengi hapa mmeshanisikia nikilalamika kuhusu jambo hili, na leo nalalamika tena. Apnea ya usingizi, yaani pumzi kukatika mtu akiwa amelala, sitaieleza. Mnaijua, na walioolewa na wakoromaji wanaijua zaidi. Nataka ile namba iliyo chini ya karatasi ya majibu, matukio mangapi kwa saa, yaani pumzi imekatika au kupungua mara ngapi. Chini ya 5, nenda nyumbani. Kuanzia 5 tatizo dogo, kuanzia 15 la wastani, 30 kwenda juu kubwa. Tunaisoma kama tunavyosoma joto la mwili.

Sasa mkulima wa Uyole akikwambia ameuza magunia 40 ya viazi, umejua nini? Hujajua kitu mpaka uulize: gunia la kilo mia, au lumbesa, lile la kujazwa mpaka kupita mdomo?

Nilimpata dereva mmoja wa lori, njia yake Tunduma na Dar es Salaam. Aliletwa na mkewe. Alikuwa amesinzia kwenye foleni ya Tunduma mpaka malori ya nyuma yakampita, na kwa wanaoijua foleni ile, kupitwa ni aibu kuliko kugonga. Akaenda kupimwa, usiku mmoja, nyaya kichwani, mikanda kifuani na tumboni, kihisi puani, oksimita ya kupima oksijeni ya damu kidoleni. Majibu: 22. Mwajiri hakuridhika, akaomba rekodi ileile isomwe na mtu mwingine. Majibu: 9. Mke ameshika 22, bosi ameshika 9, na dereva ananiuliza, "Daktari, kwani nililala mara mbili?"

Hakuna aliyedanganya. Niliipitia rekodi hiyo na hesabu zote mbili, saa sita za usingizi. Kwenye apnea kamili walikubaliana: hewa ishuke kwa asilimia 90 au zaidi, kwa sekunde 10 au zaidi, basi. Ugomvi uko kwenye haipopnea, pumzi inayopungua bila kukatika. Hewa ishuke kwa asilimia 30 au zaidi, sekunde 10. Hapo bado wako pamoja. Lakini msomaji wa kwanza anahesabu tukio oksijeni ikishuka kwa asilimia 3, au ubongo ukizinduka, yaani mawimbi yabadilike ghafla kwa sekunde 3 au zaidi. Wa pili anataka oksijeni ishuke kwa asilimia 4, na kuzinduka hakumhusu. Mmoja akapata matukio 132, mwenzake 54. Gawanyeni kwa sita.

Na dereva wangu ni mwembamba, mapafu mazuri. Watu wa aina yake huzinduka kabla oksijeni haijashuka sana. Usiku kucha anaamshwa, asubuhi anashika usukani, na kwa kanuni ya 4 karibu hana kitu. Aliyenenepa angeonekana kwa kanuni zote mbili.

Msidhani ni uzembe wa watu wawili. Chama cha Marekani cha tiba ya usingizi kilipotoa kitabu chake cha kanuni mwaka 2007, kiliruhusu maana mbili za haipopnea humohumo. Mwaka 2012 kikapendekeza ile ya asilimia 3 au kuzinduka, lakini ya 4 haikufa, kwa sababu bima ya serikali yao, Medicare, inalipa kwa hiyo. Pesa imeingia kwenye pumzi.

Naona kijana pale anatikisa kichwa. Najua unachotaka kusema: "Mzee, vitanda vya kupimia wenyewe hatuna, wewe unagombania asilimia moja!" Ndiyo maana nagombana! Mgonjwa wa Chunya anauza ng'ombe apate nauli ya kwenda kupimwa mara moja. Hiyo karatasi itakaa kwenye faili lake miaka kumi. Na usiniambie mashine inahesabu yenyewe. Kihisi kikichomoka puani saa saba usiku, mashine inaandika apnea, na mwenye pua anapumua vizuri kabisa.

Kigawanyo nacho, yaani zile saa tunazogawia. Vifaa vya kupimia nyumbani vingi havina nyaya za kichwa, kwa hiyo havijui mtu amelala au anatazama dari. Vinagawanya kwa saa za kurekodi. Matukio 80, kifaa kimewashwa saa 8: 10. Kumbe alilala saa 5 tu: 16. Amevuka mstari, na karatasi haikusema.

Halafu mwinuko. Hapa Mbeya tuko kama mita 1,700, mgandamizo wa hewa ni pungufu karibu moja ya tano kuliko pwani. Fikirieni mlima Kitonga. Ukitoka Iringa barabara ni ya kawaida, ukifika ukingoni ni mteremko tu. Oksijeni ya damu iko hivyo hivyo: ikianzia juu, pumzi ikipungua haitikisiki sana, ikianzia karibu na ukingo, kama kwetu milimani, inaporomoka. Mtu yuleyule anaweza kupata namba ndogo Dar na kubwa kule milimani Makete.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, haraka. Mikanda: kifua na tumbo vikihangaika huku hewa haipiti, njia imeziba, vikitulia, ubongo haujatuma amri. Msichanganye, matibabu ni tofauti. Watoto: kwao hata tukio moja kwa saa linatosha kutia wasiwasi, msiwapime kwa mstari wa baba zao. Dawa za usingizi nilitaka kusema, basi, siku nyingine.

Niliwaomba mje na karatasi za majibu zilizofutwa majina. Zilete hapa mbele. Hii ya kwanza... 14. Kanuni: haikuandikwa. Saa za usingizi: hazikuandikwa. Maoni: "Tatizo dogo, apunguze uzito." Nani kaleta hii? Simama. Mgonjwa wako ana kilo ngapi?