Altrasaundi ya Wiki ya Ishirini na Mtoto Mwenye Mgongo Wazi

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1958 Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha katika jarida la Lancet picha zilizopatikana kwa mawimbi ya sauti, yaani altrasaundi, zikiwamo za mtoto aliye tumboni. Mawimbi hayo hayana mionzi kama ya eksirei, ndiyo maana mjamzito anaweza kupimwa zaidi ya mara moja. Ninalotaka kulizungumzia leo, hata hivyo, ni wakati wa kupima, kwa sababu kuna kasoro ambazo dalili zake hufifia kadiri mimba inavyokua.

Mfano ulio wazi ni mgongo wazi. Mfereji wa neva za fahamu hujifunga takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, na usipojifunga, uti wa mgongo hubaki bila kinga. Tundu lenyewe linaweza kuwa dogo, tena mtoto akiwa ameulalia mgongo wake lisionekane kabisa. Kwa hiyo mpimaji makini hukagua kichwa pia. Mwaka 1986 Kypros Nicolaides na wenzake, London, walieleza kwamba kwa watoto hawa sehemu ya nyuma ya ubongo huvutwa kuelekea shingoni, na mifupa ya paji la uso hubonyea pande zote mbili hata fuvu likawa na umbo la limau. Baada ya wiki ya 24 umbo hilo hutoweka kwa wengi wao.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apimwe altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na kwa ukaguzi wa viungo wiki ya 18 hadi 22 ndiyo inayofaa zaidi. Mama anayekuja mimba ikiwa na miezi minane ili kujua jinsia na mlalo wa mtoto hujibiwa hayo tu, na naona ni kosa kubwa kumruhusu aondoke akiamini kwamba viungo vyote vimekaguliwa. Cheti cha majibu kitaje kilichotazamwa na kisichoonekana: ubongo, uti wa mgongo, vyumba vinne vya moyo, figo, ukuta wa tumbo.

Kasoro ikigunduliwa mapema, familia hupata muda wa kupanga mama ajifungulie karibu na hospitali yenye wapasuaji wa neva, kama ilivyo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa kuwa mgongo huo unapaswa kufungwa ndani ya siku mbili au tatu za mwanzo baada ya mtoto kuzaliwa, kabla maambukizi hayajaufikia ubongo.