Mtoto Aliyelia Usiku: Kwa Nini Pensheni Jamii Isiishie kwa Wazee

Assalamu alaykum wazee wangu, mama zangu na ndugu zangu. Ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmetoka Micheweni, wengine Mkoani, na jua la leo halikuwa la mchezo.

Nimeombwa nizungumzie kipato cha msingi kwa wote: kila mtu apewe na serikali kiasi fulani cha pesa kila mwezi, tajiri na maskini, mwenye kazi na asiye nayo, bila ya sharti. Wengi wakilisikia hudhani ni jambo la Wazungu. Kweli, kule Uingereza mjini Sheffield wapo wananchi waliojikusanya kuidai serikali yao ilijaribu, na Finland walilijaribu 2017 na 2018 kwa watu 2,000 wasio na ajira. Lakini mimi nitaanzia uwani kwa mama yangu mkubwa, hapa hapa Pemba.

Mwaka mmoja walipita watu wa mradi wa kusaidia kaya maskini. Wakakaa chini ya mwembe, wakasoma majina. La mama mkubwa halikuwamo, kwa sababu nyumba yake ina bati. Bati lile alilieka mwanawe, na mwanawe alikuwa keshafariki. Jirani yake wa mlango kwa mlango, mwenye paa la makuti, aliandikwa. Wanawake wawili waliolea watoto pamoja wakakaa miezi hawaombani hata chumvi. Simlaumu aliyesoma majina. Aliambiwa achague, na anayeambiwa achague maskini baina ya maskini lazima atadhulumu mtu.

Halafu ikaja Aprili 2016. Rais Ali Mohamed Shein akazindua Pensheni Jamii: kila mkaazi wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 apewe shilingi 20,000 kwa mwezi, kutoka bajeti ya Serikali yetu wenyewe. Leo ni 50,000. Wazee wenyewe, kupitia jumuiya yao ya JUWAZA, walikuwa miongoni mwa waliolisemea jambo hili hadi likawa.

Siku moja ya malipo nilimsindikiza mama mkubwa. Alitoa kitambulisho, akazihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye ncha ya kanga. Njiani akapita dukani kulipa deni la sukari, akamnunulia mjukuu madaftari mawili ya skuli. Hakuna aliyemuuliza habari ya bati. Na yule jirani? Alikuwa kwenye foleni ile ile. Walirudi pamoja.

Hilo ndilo ninalolitetea leo. Pesa zilimsaidia, lakini hakulazimika kujidhalilisha ili azipate. Na sisi Wazanzibari tunalijua jambo hili kabla ya Pensheni Jamii. Ilipotangazwa elimu bure Septemba 23, 1964, hakuna aliyesimama mlangoni mwa skuli kuuliza baba yako ana minazi mingapi. Ardhi nayo, baada ya Mapinduzi, ikagawiwa eka tatu tatu. Zaidi ya karne moja na nusu kabla ya hapo, katika andiko lililochapishwa 1797, Thomas Paine, mwandishi mzaliwa wa Uingereza, alisema kwamba ardhi asili yake ni ya wote, kwa hiyo wenye mashamba wana deni kwa kila mtu, na deni hilo lilipwe kwa fedha: fungu kwa kila kijana akifika miaka 21, na malipo ya kila mwaka kwa kila aliyefika 50. Eka tatu hazizai eka. Wajukuu wa waliopewa leo wanagawana mikarafuu kwa shina. Fedha ya kila mwezi inaweza kugawiwa bila ya kukata shamba.

Naambiwa: lakini dini yetu imeeka zaka kwa maskini, vipi umpe na tajiri? Zaka ina watu wake wanane waliotajwa, na hilo halina mjadala. Ila hazina ya umma ina habari nyengine. Sayyidna Umar bin Khattab, khalifa wa pili, alipoweka daftari la posho, aliwaandikia na watoto, kwa sharti moja: mtoto awe ameachishwa ziwa. Inasimuliwa kuwa usiku mmoja alikuwa akiulinda msafara uliotua nje ya Madina, yeye na Abdurrahman bin Auf. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake, akamwambia amche Mungu amtazame mwanawe. Akarudi. Mtoto akalia tena, akaenda tena. Mara ya tatu, kwenye mwisho wa usiku, yule mama, asiyemjua anayesema naye, akamwambia: umenichosha usiku huu, mimi namwachisha ziwa naye hataki. Kwa nini? Kwa sababu Umar hampi mtoto mpaka aache ziwa. Ana muda gani? Miezi kadhaa tu.

Alfajiri akasalisha, na watu hawakukisikia vizuri kisomo chake kwa jinsi alivyokuwa akilia. Kisha akatoa amri: kila mtoto aandikiwe tangu anapozaliwa, na wanawake wasiwaharakishe watoto wao kuacha ziwa.

Tazameni alichokiona Umar. Yule mama hakuwa mwongo wala mvivu. Sharti ndilo lililomfundisha kumnyima mwanawe. Sharti la paa la makuti nalo linafundisha: usieke bati. Sharti la kutokuwa na biashara linafundisha: ficha genge lako.

La pili naambiwa: watu wataacha kazi. Majirani zetu Kenya wanajaribu tangu 2016, kaunti za Siaya na Bomet. Shirika la GiveDirectly linawapa watu wa vijiji kadhaa shilingi 2,250 za Kenya kila mwezi kwa miaka 12. Watafiti waliofuatilia hawakuona watu wakipunguza kazi. Waliona baadhi wakiacha vibarua na kufungua biashara zao. Na walioahidiwa muda mrefu walifanya lile ambalo mama zangu hapa mnalifanya kila mwezi: walicheza upatu, wakapata fungu kubwa kwa mkupuo.

Sasa gharama, maana sitaki kukudanganyeni. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 1,889,773. Ukimpa kila mmoja 50,000 kwa mwezi, unazungumza zaidi ya trilioni 1.13 kwa mwaka. Sisemi zitolewe kesho. Nasema tupanue kutoka pande mbili: umri wa miaka 70 ushuke kidogo kidogo, na watoto waingie tangu kuzaliwa, kama alivyofanya Umar. Mama wa mwani mwenye miaka 62, aliyeinama kwenye maji tangu kilimo kile kianze kushamiri huku, magoti yake hayawezi kungoja 70. Na kama siku moja mafuta au gesi vitatoka kwenye bahari yetu, tutakuwa tunajua wapi pa kuyapeleka mapato. Alaska, jimbo la Marekani, wanamgawia kila mkaazi wao gawio la mafuta tangu 1982, hata mtoto mchanga.

Bajeti husomwa Baraza la Wawakilishi Mei na Juni, lakini huandaliwa kabla. Mwakilishi wako akija kijijini miezi hii, usimuombe mchango wa harusi. Muulize: mnashusha 70 lini, hata iwe 65? Muulize mbele ya watu, na uandike alivyojibu.

Nimebakisha nusu saa ya maswali. Naomba waanze mama zangu wa mwani pale nyuma, maana wao wana gari ya kuwahi.