Kitabu cha Kituo Hakimjui Asiyefika
Mhadhara kwa wauguzi wa zahanati na vituo vya afya, Bagamoyo

Ndugu wauguzi, habari za asubuhi. Tuanze na vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za kituo za taarifa za huduma za afya, vilivyo mezani kwenu. Vinawaambia nani alikuja, lini, na akatibiwa nini. Aliyebaki nyumbani havimjui, na tathmini ya mahitaji ya afya ni kazi ya kumtafuta huyo.

Chukueni degedege. Mtoto ana homa kali, macho yanageuka, viungo vinakakamaa. Hapa pwani wapo wazazi wengi wanaolihesabu kuwa jambo la shetani, lisilohusiana na malaria. Mtoto anaanzia kwa mganga wa kienyeji. Kituoni anafika amechelewa, au hafiki. Sasa ukiuliza mlangoni, “Mwezi huu mtoto aliugua malaria?” utajibiwa hapana, na mama hajakudanganya. Uliza: “Alipata homa? Alipata degedege? Mlimpeleka wapi kwanza, halafu wapi?” Busha nalo lina mambo yake. Mwanamume atasema “mshipa”, na mbele ya wanawake hatasema kitu. Wanaume wakae peke yao, na anayewauliza awe mwanamume.

Idadi ya watu ipatikane kabla ya kutoka. Watoto 40 walioharisha mwezi huu ni wengi au wachache? Hujui, mpaka ujue kama eneo lako lina watoto 300 au 3,000. Daftari la wakazi liko kwa mtendaji wa kijiji, ila mara nyingi limepitwa na wakati. Lipitieni na wenyeviti wa vitongoji: futeni waliohama, ongezeni wageni, wavuvi walioko dago, yaani kwenye kambi za uvuvi, wasisahauliwe.

Tuseme mmepata kaya 420 na nguvu yenu ni kutembelea 60. Gawanya 420 kwa 60, unapata 7. Andika 1 hadi 7 kwenye vikaratasi, okota kimoja. Kikitoka 3, anza kaya ya 3, kisha ya 10, ya 17, ya 24, hivyo hivyo hadi mwisho wa orodha. Kinachoharibu kazi hapa ni mlango uliofungwa: muuguzi anabisha, kimya, anahamia kwa jirani. Wenye nyumba ile wako kazini, na ukiwaruka orodha yako inajaa wazee na wagonjwa. Rudi mara mbili zaidi, saa tofauti. Kule Mlingotini wakulima wa mwani huingia baharini maji yakipwa sana, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Ziara zipangwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana. Kalenda ya ofisini haionyeshi hilo.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, pima mzingo wa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, mkono umelegea. Chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni wa kadiri. Utepe ukibana nyama unazalisha utapiamlo usiokuwepo, ukilegea unauficha. Mtoto ambaye utepe unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya 11.5, apewe rufaa siku hiyo hiyo, asingoje ripoti.

Choo usiulize kama kipo, maana kila mtu atasema kipo. Omba uonyeshwe. Njia ikiwa imeota majani, umeshajibiwa. Tazama pia kama maji na sabuni viko karibu.

Matokeo yarudi kwanza kwa wanakijiji. Matatizo yaandikwe au yachorwe kwenye karatasi chini, kila mtu apewe maharage 5 aweke anapoona panauma zaidi. Mafungu ya wanawake na ya wanaume yahesabiwe mbalimbali, kwa sababu yakichanganywa, kisima wanachokitaka wanawake huwa kinashindwa na barabara ya wanaume. Kisha peleka halmashauri mapema. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini mipango ya afya huandaliwa miezi mingi kabla yake, na ripoti inayofika Mei inakuta fedha zimeshagawanywa.